Colin Chapman: Aliunda magari ya kasi kwa injini za bei ya chini, kisha bili ikamfuata

UKIPITA Kariobangi Light Industries Jumamosi mchana, ama Grogan kule Kirinyaga Road, hukosi kusikia ubishi huu. Kijana mmoja anataka kujiundia gari dogo la spoti: viti viwili, halina paa, liko chini karibu kugusa lami. Amekwama kwenye swali moja tu. Aweke injini gani?

Mmoja anamshauri atafute ya Subaru yenye taabo. Mwingine anasema ya Probox inamtosha. Wa tatu, ambaye hana hata spana mfukoni, anasema bila V8 hilo si gari. Jioni inaingia, hakuna aliyenunua hata nati, na ndoto inapanda matatu kurudi Umoja.

Ubishi huu si wa leo, wala haukuanzia Eastlands. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kijana wa London kwa jina Colin Chapman alikuwa na swali lilo hilo, na mfuko wake ulikuwa mtupu vilevile. Jibu lake ndilo lililozaa kampuni ya Lotus, mataji saba ya watengenezaji katika mbio za langalanga, na gari ambalo hadi leo watu wanaliunda nyuma ya nyumba zao. Lakini pia kuna misiba na kesi ambazo mashabiki wake hawapendi kuzitaja. Tutazitaja.

Mtoto wa baa

Anthony Colin Bruce Chapman alizaliwa Mei 19, 1928 huko Richmond, akalelewa Hornsey, kaskazini mwa London. Baba yake alikuwa akiendesha baa iliyoitwa Railway Hotel. Nyuma ya baa hiyo kulikuwa na mazizi ya zamani ya farasi. Yakumbuke mazizi hayo, tutayarudia.

Chapman aliingia University College London kusomea uhandisi wa miundo, yaani elimu ya madaraja na majengo. Hiyo si kozi ya magari, lakini ndiyo iliyomfaa zaidi maishani. Mhandisi wa miundo hufunzwa kujiuliza mzigo unapita wapi, ni chuma kipi kinaubeba, na ni kipi kimekaa tu kula nafasi. Akiwa chuoni alijifunza pia kurusha ndege katika kikosi cha anga cha wanafunzi, na ndege nayo ina somo lake: kila kilo isiyo na kazi inakuangusha.

Darasani hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Karatasi ya hesabu ilimshinda, akairudia mwaka wa 1949 ndipo akapata shahada yake, akiwa amechelewa mwaka mzima.

Sababu mojawapo ni kwamba akili yake ilikuwa kwenye biashara. Yeye na rafiki yake Colin Dare walikuwa wakinunua na kuuza magari ya mtumba. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeisha juzi tu, magari yalikuwa adimu, na faida ilikuwa nzuri. Kisha mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ikasitisha mgao wa petroli kwa wananchi wa kawaida. Nani atanunua gari asiloweza kulitia mafuta? Bei zikaporomoka. Faida yote ikayeyuka, na Chapman akabaki na mkweche mmoja ambao hakuna mteja aliyeutaka, Austin 7 iliyozeeka.

Hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Kwa hivyo kijana wangu, kabla hujalia kwamba huna mtaji, jua kwamba huyu jamaa alianza na gari lililokosa mnunuzi.

Gereji ya wakwe

Hakuwa na karakana. Alikuwa na mpenzi, Hazel Williams, ambaye wazazi wake walikuwa na gereji mtaa wa Muswell Hill. Humo ndani, mwaka wa 1948, Chapman alivua bodi nzima ya ile Austin na kuunda nyingine nyepesi kwa mbao za plaiwudi zilizobandikwa bati la alumini. Alilitumia katika mashindano ya kupanda vilima vya matope, yaliyopendwa sana wakati huo. Gari hilo ndilo lililokuja kuitwa Lotus Mark I.

Angalia injini aliyochagua: hakuchagua. Alibaki na ile ile iliyokuja na gari. Pesa na akili zote zilienda kwenye kupunguza uzito. Gari la pili alilitilia injini ya Ford, nayo ya magari ya kawaida kabisa ya barabarani.

Gari la tatu ndilo lililomtoa. Kulikuwa na mashindano ya watu wa mfuko mdogo, ambapo ulitakiwa kutumia injini ya Austin 7 yenye cc 747. Wote walikuwa na injini moja, basi nani angemshinda nani? Chapman aliichunguza injini hiyo akaona kasoro. Silinda zilikuwa nne, lakini matundu ya kuingizia hewa na petroli yalikuwa mawili tu, kila silinda mbili zikigawana tundu moja. Silinda moja ikivuta, ya pili inapunjwa.

Alichofanya ni kuyagawa matundu hayo kwa ndani, kila silinda ikapata njia yake. Hakununua injini kubwa. Aliifungua pua tu injini ndogo. Msimu wa 1951 wapinzani wakawa wanaliona gari lake kwa nyuma, mpaka waandaaji wakabadilisha sheria na kuipiga marufuku mbinu hiyo. Katika ulimwengu wa mbio, kupigwa marufuku ni kama kupewa cheti.

Pauni 25 na gari la mikate

Watu wakaanza kumuuliza kama angewaundia la kwao. Mnamo Januari 1952 akaanzisha Lotus Engineering pamoja na rafiki yake Michael Allen. Hazel ndiye aliyemkopesha pauni 25 za kuanzia. Karakana? Ni yale mazizi ya farasi nyuma ya baa ya baba yake. Mchana Chapman aliajiriwa katika kampuni ya alumini, usiku alichomea vyuma.

Gari lao jipya, Mark VI, lilikuwa na fremu ya mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa pembetatu, kama mnara wa simu uliolazwa chini. Fremu yenyewe ilikuwa na uzito wa takriban kilo 25. Hebu fikiria, mfuko nusu wa saruji.

Gari la kwanza la aina hiyo liligongwa na gari la kusambaza mikate lilipokuwa njiani kwenda mashindanoni. Likaharibika kabisa. Lakini lilikuwa na bima, na malipo ya bima ndiyo yaliyoisaidia kampuni changa kuendelea kupumua. Wale wanaosema bima ni kupoteza pesa, wamesikia.

Mark VI haikuuzwa ikiwa kamili. Ulinunua fremu na vipande, kisha ukatafuta injini yako mwenyewe na kuifunga nyumbani. Kulikuwa na sababu ya kodi hapo. Uingereza wakati huo ilitoza ushuru mzito wa ununuzi kwa gari lililokamilika, lakini si kwa vipuri ambavyo mteja anajiungia. Baadaye inasimuliwa kwamba sheria ilipokataza kampuni kumpa mteja maelezo ya kuunga gari, Lotus walimpa maelezo ya kulifungua. Kazi yake ikawa kuyasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Injini ya karani na mwalimu

Sasa tuje kwenye swali la Kariobangi. Mteja wa Mark VI mwenye pesa kidogo aliweka injini gani?

Wengi waliweka ya Ford yenye cc 1172. Hii ilikuwa injini ya magari ya makarani na walimu, Ford Prefect, Anglia na Popular. Teknolojia yake ilikuwa ya kizamani hata kwa wakati huo. Valvu zake zilikaa ubavuni mwa silinda badala ya kukaa juu, kwa hivyo ilipumua kwa shida. Toleo la mwaka wa 1953 lilitoa nguvu za farasi 36 tu. Ukiitaja mbele ya vijana wa mtaani leo watakucheka hadi wakae chini.

Lakini ilikuwa na sifa tatu. Ilipatikana kila kona, hata kwenye magari yaliyogongwa. Spea zake zilikuwa bei ya chini. Na kila fundi wa kijiji aliijua kama kiganja chake.

Fanya hesabu hii nami. Chukua nguvu za farasi 36 uziweke kwenye gari la kilo 800. Kila farasi anavuta kilo 22. Sasa ziweke kwenye gari la kilo 450. Kila farasi anavuta kilo 12 na nusu. Ili lile gari zito lifikie hapo, litahitaji nguvu za farasi 64, karibu mara mbili. Na hata likizipata, bado breki zake zina kazi kubwa zaidi, tairi zinaisha haraka, na kwenye kona linayumba kama basi la harusi.

Hiyo ndiyo siri ya Chapman, wala si siri. Kilo moja ukiitoa, inakusaidia ukiongeza kasi, ukifunga breki na ukikata kona. Farasi mmoja ukimuongeza, anakusaidia kwenye barabara iliyonyooka tu, na kila Ijumaa anadai petroli.

Mwaka wa 1957 akatoa Lotus Seven, mrithi wa Mark VI. Toleo la bei ya chini lilikuja na ile ile Ford 1172. Aliyekuwa na pesa zaidi aliweza kupata ya Austin ya cc 948. Na mwenye mfuko mnene kabisa alichukua injini ya Coventry Climax ya cc 1098, yenye nguvu za farasi zaidi ya 70.

Hiyo Climax ina hadithi tamu. Haikubuniwa kwa ajili ya gari. Ilianza kama injini ya pampu ya kuzimia moto. Serikali ya Uingereza ilitaka pampu nyepesi ambayo watu wangeweza kuibeba kwa mikono, na wahandisi Walter Hassan na Harry Mundy wakaunda injini ya alumini iliyokuwa nyepesi na yenye nguvu. Watu wa mbio walipoiona, wakaitamani. Mwaka wa 1957, gari la Lotus lenye toleo la cc 744 la injini hiyo lilishinda tuzo ya ufanisi katika mbio za saa 24 za Le Mans, tuzo inayopima ulichofanya ukilinganisha na ukubwa wa injini yako. Mtoto wa pampu ya zimamoto, mbele ya Ulaya nzima.

Kwa hivyo ukiwa Gikomba ama Grogan, usiangalie magari peke yake.

Hasara, kisha Cortina

Usidhani Chapman hakuwahi kukosea hesabu. Mwaka huo huo wa 1957 alionyesha Lotus Elite, gari zuri ajabu lililoundwa kwa faibaglasi mwili mzima, likiwa na injini ya Climax. Lilisifiwa kila mahali, lakini gharama ya kuliunda ilikuwa juu mno. Lotus ilikuwa ikipoteza pesa kwa kila moja lililouzwa. Mtaani tunaita hiyo biashara ya kuuza chapati kwa bei iliyo chini ya unga.

Alijua alihitaji injini nyingine kwa gari lililofuata. Iwe na nguvu kama Climax, bei iwe ya Ford. Ikawaje? Alichukua injini mpya ya Ford, ya jamii iliyokuja kutumika kwenye Ford Cortina, akaiacha sehemu yote ya chini jinsi ilivyotoka kiwandani. Bloku, bei ya kiwanda. Kisha akamtafuta Harry Mundy, yule yule wa pampu ya zimamoto, ambaye wakati huo alikuwa mwandishi wa masuala ya ufundi katika jarida la magari. Mundy akabuni kichwa kipya chenye kamshafti mbili. Mwili wa mfanyakazi, kichwa cha mwanariadha.

Mei 1962 injini hiyo ilipelekwa Ujerumani, kwenye mbio za kilomita 1,000 za Nürburgring, ikiwa kwenye Lotus 23 iliyoendeshwa na Jim Clark, kijana mkulima kutoka Scotland. Barabara ilikuwa imelowa. Clark, akiwa na injini ya lita moja na nusu, aliziacha Ferrari na Porsche kubwa kwenye mzunguko wa kwanza kwa karibu nusu dakika. Aliongoza hadi bomba la moshi likapasuka. Moshi ukamlevya, akatoka barabarani. Hakushinda, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Mwaka huo injini hiyo ikaingia kwenye Lotus Elan, na 1963 ikaingia kwenye Ford Cortina yenyewe, iliyoitwa Lotus Cortina.

Hapa hadithi inapita nyumbani kwetu. Mwaka wa 1964 Safari Rally ilishindwa na Peter Hughes na Billy Young katika Ford Cortina GT, gari lenye injini ya jamii hiyo hiyo ya Ford, bila kile kichwa cha Mundy. Mwaka wa 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda Safari, akiwa na Ford Escort RS1600. Injini yake, iliyoundwa na kampuni ya Cosworth, nayo ilitokana na jamii hiyo. Na Cosworth ilianzishwa 1958 na Mike Costin na Keith Duckworth, wote wawili watu waliopitia mikononi mwa Chapman. Kwa hivyo wazazi wetu waliosimama kando ya barabara kula vumbi la Safari walikuwa wakisikia sauti ya injini za ukoo wa Cortina, gari la familia.

Injini mbele, injini nyuma

Kuna jambo lingine linalowasumbua vijana wa leo. Magari mengi ya mtumba yanayoingia Kenya, kama Vitz na Probox ya kawaida, huvuta kwa magurudumu ya mbele. Injini na giaboksi vimekaa pamoja kama mapacha. Lotus Seven inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Je, injini ya Probox ya cc 1500 haifai basi?

Chapman alilijibu hilo mwaka wa 1966. Alitaka gari la bei ya chini, Lotus Europa, lenye injini nyuma ya dereva. Alichukua injini na giaboksi ya Renault 16, gari la Kifaransa linalovuta kwa mbele, akazigeuza na kuziweka nyuma. Tatizo ni kwamba ukigeuza hivyo, gari litakuwa na gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Dawa yake ilikuwa kuhamisha gurudumu kubwa la meno ndani ya difu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Injini ya Probox imelala kwa upande, kwa hivyo ukiibeba nzima na giaboksi yake na kuiweka nyuma ya kiti ikiangalia kule kule ilikokuwa ikiangalia, huna hata haja ya kugeuza chochote. Kilichokuwa kikivuta mbele sasa kinasukuma nyuma. Na kama unataka mpangilio wa Seven, injini mbele na mkia unaosukuma, tafuta magari yanayosukuma kwa nyuma. Ile injini ya Datsun 1200 ya zamani, kwa mfano, ina cc 1171, moja pungufu ya Ford ya Chapman.

Langalanga kwa injini ya dukani

Kufikia wakati huo Chapman alikuwa mfalme wa langalanga. Lotus 25 ya mwaka wa 1962 iliacha fremu ya mabomba na kutumia ganda la alumini, na Clark akatwaa ubingwa wa dunia 1963 na 1965. Lakini sheria zilipobadilika na injini za lita tatu kuruhusiwa kuanzia 1966, Lotus ilijikuta haina injini ya kuaminika.

Chapman hakujaribu kuunda yake. Alibisha hodi Ford, nayo ikakubali kutoa pauni 100,000 ili Duckworth wa Cosworth aibuni. Injini hiyo, DFV, ilishinda siku yake ya kwanza, Juni 4, 1967 huko Zandvoort, Clark akiwa usukanini. Baadaye timu nyingine ziliruhusiwa kuinunua, na timu ndogo zisizo na kiwanda cha injini zikaweza kupambana na Ferrari. Ilishinda mbio 155 za ubingwa wa dunia.

Wepesi uliopitiliza

Sasa upande ambao bango la ukutani halionyeshi.

Ukikata kila chuma kisicho na kazi, itafika siku utakata chenye kazi. Mwaka wa 1960, mjini Spa nchini Ubelgiji, gurudumu la Lotus ya Stirling Moss lilichomoka katika mazoezi, naye akavunjika miguu. Wikendi hiyo hiyo usukani wa Lotus ya Michael Taylor ulikatika. Taylor aliumia vibaya, akaishtaki kampuni na kushinda. Aprili 7, 1968 Jim Clark, rafiki mkubwa wa Chapman, alikufa kwenye mbio za Hockenheim. Septemba 5, 1970 Jochen Rindt wa Austria, ambaye alikuwa amelalamika waziwazi kuhusu udhaifu wa magari hayo, aligonga ukuta wa chuma mjini Monza katika mazoezi na kufa. Alikuwa na pointi nyingi kiasi kwamba alitawazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Hakuna mwingine katika historia ya langalanga aliyepata taji kwa njia hiyo.

Si kila ajali ilitokana na chuma chembamba. Siku zile mbio zote zilikuwa hatari, na madereva wa timu nyingine walikufa pia. Lakini sifa ya Lotus kuwa gari la kasi linalovunjika haikutoka hewani. Chapman alipenda sana kukata, na aliyelipa tofauti alikuwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Timu iliendelea kushinda. Emerson Fittipaldi alikuwa bingwa 1972, Mario Andretti 1978 kwa gari lililonyonywa na hewa lishikamane na barabara. Lakini mwisho wa Chapman haukuwa mzuri. Lotus ilipewa kazi ya kuhandisi gari la John DeLorean lililokuwa likiundwa Ireland Kaskazini kwa pesa za walipa kodi wa Uingereza. Mamilioni ya dola yalipitia kampuni iliyosajiliwa Panama, na sehemu yake haikufika kwenye kazi iliyokusudiwa. Uchunguzi ulipokuwa ukiendelea, Chapman alikufa kwa mshtuko wa moyo Desemba 16, 1982, akiwa na miaka 54. Mwaka wa 1992 Fred Bushell, aliyekuwa msimamizi wake wa fedha, alifungwa miaka mitatu. Jaji alisema wazi kwamba Chapman angekuwa hai, kifungo chake kingekuwa kisichopungua miaka kumi.

Mtu aliyejua kupunguza kila kitu hakujua apunguze tamaa wapi.

Nyayo na Kariobangi

Sisi pia tuliwahi kujaribu. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi aliiomba Chuo Kikuu cha Nairobi iunde gari la Kenya. Magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yaliundwa, na yaliweza kwenda kilomita 120 kwa saa. Kampuni ya kuyazalisha ikaanzishwa, pesa zikakosekana, na hakuna hata moja lililofika sokoni. Karakana yake iliishia kutengeneza vipuri vya viwanda vingine. Wale wahandisi hawakukosa akili. Ni kwamba kuunda gari zima la taifa ni safari ndefu sana, na pesa huisha kabla ya barabara.

Chapman alipita njia ya mkato iliyo halali: injini ya mwenzako, fremu yako. Lotus Seven bado inaundwa hadi leo na kampuni ya Caterham, iliyonunua haki zake mwaka wa 1973, na mojawapo ya matoleo yake hutumia injini ya Suzuki ya silinda tatu yenye cc 660 tu. Lotus wenyewe, miaka mingi baada ya mwanzilishi kufa, waliuza Elise yenye injini ya Toyota ya lita 1.8, ndugu wa ile iliyo ndani ya Premio na Wish zinazopita Jogoo Road kila siku.

Kwa hivyo yule kijana wa Kariobangi aanze na mizani kabla ya injini. Apime gari lake litakuwa na kilo ngapi, ndipo ajue anahitaji farasi wangapi. Achague injini ambayo mafundi watatu mtaani kwake wanaijua na spea zake hazihitaji kuagizwa. Ainunue pamoja na giaboksi, waya na kompyuta yake, kwa sababu kuvitafuta kimoja kimoja kutamkausha. Achukue risiti yenye nambari ya injini, na mambo ya NTSA ayaulizie mapema, si siku gari likiisha.

Pesa atakazookoa kwa kukataa V8 asizile. Aziweke kwenye breki, usukani, mikanda na fundi anayejua kuchomea. Hapo ndipo Chapman alipokuwa akibana, na hapo ndipo sisi hatufai kubana. Injini ya bei ya chini ikizima, utashuka usukume. Usukani wa bei ya chini ukikatika, hakuna wa kushuka.